Nani Atateka Maji?

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani, na kitu cha kwanza kilichonipokea uani kilikuwa mukwa wa mama, umefungwa shingoni mwa mbuzi.

Rafiki yangu, kama hukulelewa Ukambani huenda huujui mukwa. Ni ukanda wa ngozi ya ng'ombe, mpana katikati na mwembamba kwenye ncha. Mwanamke hufungia mzigo mgongoni, kisha ule upana akaupitisha juu ya paji la uso, akainama, akatembea. Kichwa ndicho kinachovuta. Mgongo unasaidia tu. Wenzetu wa makabila mengine hututania kwamba tuliitwa Wakamba kwa sababu ya kamba. Sijui wataalamu wanasemaje, lakini nyumba yetu ilisimama kwa ule ukanda, kwa hiyo utani huo huwa haunikasirishi.

Siku hiyo nilikasirika. Mke wa kaka yangu aliniona nimesimama na mkoba mkononi bila kusalimia mtu, akacheka kidogo. "Ilikuwa imekaa tu kwa stoo, dada. Ile kamba ya mbuzi ilikatika." Alisema kweli. Mfereji uko pale kando ya jikoni, ukiufungua maji yanakuja, na mama hayupo tangu mwaka juzi. Nani angeutaka mukwa? Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama mbuzi akitafuna maganda ya viazi, nikatafuta wa kumlaumu nisimpate.

Acha nikueleze kwa nini ukanda ule unanichoma.

Kwetu ni upande wa chini wa vilima vya Nunguni. Watu wa juu wana baridi, kabichi na mvua. Sisi wa chini mvua yao tuliiona kwa macho tu, imening'inia huko kama nguo zilizoanikwa kwa jirani. Mto wetu ulikuwa mchanga mtupu. Maji yalipita juu yake siku chache kwa mwaka, kwa kelele nyingi, halafu yakazama, na wanawake wakayafuata huko chini kwa kata. Unachimba, unangoja, yanakusanyika kidogo, unachota, unangoja tena. Ukichelewa unakuta foleni, na foleni ya maji ilikuwa na siasa zake ambazo hata chifu hakuziingilia.

Nikiwa mtoto sikujua kwamba huo ni umaskini. Nilijua kwamba asubuhi ina harufu ya moshi na ya muthokoi uliolala, yale mahindi yanayotwangwa yakatoka ganda na kupikwa na mbaazi, ambayo siku ya pili huwa matamu kuliko ya kwanza. Nilijua mdundo wa kinu cha jirani, ambaye alitwanga huku akiimba nyimbo za kanisa na kukosea maneno kila mara palepale. Nilijua kengele ya shule, kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mgunga, na kwamba Ijumaa lazima uende na maji na kinyesi cha ng'ombe cha kupaka sakafu ya darasa ili vumbi litulie. Ukisahau, viboko hukuvisahau.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuja nilipokuwa darasa la saba. Zilikuwa siku zile mfumo wa elimu ulibadilishwa, Kiswahili kikaingia kwenye mtihani, na walimu wa zamani waliokuwa wakikifundisha kwa Kikamba wakaanza kutafuta pa kujificha. Huyu alikuwa mwanamke kijana kutoka ng'ambo ya Kitui, karibu na Kwa Vonza, Mkamba mwenzetu, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alipewa nyumba ya mabati nyuma ya shule na, kama ilivyokuwa desturi, wasichana wa darasa letu tukapangiwa zamu ya kumtekea maji. Hilo likumbuke, litarudi.

Ijumaa baada ya mapumziko alitufundisha hoja. Siku ya kwanza aliingia na kibuyu kizee, akakijaza maji mbele yetu, akakiinua. Maji yakachuruzika kutoka kwenye ufa ambao hakuna aliyeuona kikiwa kitupu. "Hoja ya mtu ndiyo hii," akasema. "Usiisifu wala usiitukane. Ijaze, kisha tazama inavuja wapi." Tangu siku hiyo, mtu akisema jambo lisilo na mguu, darasa zima lilipiga kelele: "Inavuja!"

Mmoja alisema sabuni fulani ni bora kwa sababu imetangazwa redioni. Inavuja! Mwingine akasema mbuzi ni bora kuliko ng'ombe kwa sababu kwao wana mbuzi wengi. Inavuja! Mtoto wa mwenye duka alisema kilima kilicho mbele ya shule kina pepo, na alipoulizwa sababu akajibu, "Baba alisema." Mwalimu akangoja, mikono nyuma. Hatimaye sauti ndogo ikatoka nyuma: "Inavuja, Mwalimu." Rafiki yangu, hujui lilikuwa jambo kubwa kiasi gani kutamka mchana kweupe kwamba baba wa mtu anavuja. Wazazi walipolisikia hawakulipenda hata kidogo, na mwalimu mkuu aliitwa mara kadhaa kando ya kanisa kuelezwa hivyo.

Kuandika ndiko kulikotutoa jasho. Mwalimu alitaka kila sababu iwe na kitu ulichokiona wewe mwenyewe. Niliandika kwamba elimu ni taa, naye akaandika pembeni kwa wino mwekundu: Taa gani? Iliwashwa wapi? Nani aliona? Tena alitaka, kabla ya kumjibu mpinzani wako, umrudishie hoja yake nzima, mpaka mwenyewe akubali kwamba ndiyo hiyo. Ukimpunja hata kidogo umeshindwa. Tulizoea ugomvi wa mtoni, ambao anayeshinda ni mwenye koo pana, kwa hiyo kanuni hii tuliiona ya ajabu. Lakini ilinikaa. Nilianza kusikiliza watu wazima kwa sikio jipya, nikagundua kwamba wengi wao, kanisani, sokoni na nyumbani, walikuwa wakichuruzika pande zote.

Jumatatu tulikuwa na maneno yenye maana zaidi ya moja. Kaa, paa, mbuzi, kamba. Siku moja likaja neno kipaji: kwanza ni paji la uso, na pia ni uwezo ambao Mungu amempa mtu. "Wengine wanavyo vyote viwili," mwalimu akasema akinitazama, na wenzangu wakaangua kicheko, kwa sababu paji langu lilikuwa pana. Bado ni pana.

Siku ya Wazazi ilipokaribia mwalimu mkuu alitaka mashairi na kwaya kama kawaida. Mwalimu wetu akaomba mdahalo. Mada ilikuwa kwamba mtoto wa kike asomeshwe mpaka sekondari sawa na wa kiume. Ili kugawa pande alitugawia punje akiwa amefunga ngumi: ukipata hindi unaunga mkono, ukipata mbaazi unapinga. Nilifungua kiganja nikakuta mbaazi.

Nililia. Niliitaka shule kuliko nilivyotaka chakula, na mwaka uliofuata ndio ningefanya mtihani. Mwalimu alinivuta kando, chini ya dirisha la ofisi. "Hutaki kupinga kwa sababu unaogopa wana sababu," akasema. "Basi nenda ukazitazame. Usiyemjua huwezi kumshinda."

Nikaenda kutazama, na sikuhitaji kwenda mbali. Nilimtazama mama. Aliamka kabla ya jogoo, akashuka mtoni, akapanda na maji, akalima, akapika, na siku za shule alishuka tena alasiri, kwa sababu safari hiyo ya pili ilikuwa yangu na mimi nilikuwa darasani nikipiga kelele za inavuja. Jioni moja nilimwona amepitiwa na usingizi huku kijiko kiko njiani, hakijafika kinywani. Nilikuwa nimeona hivyo mara nyingi nikacheka. Safari hii niliandika.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Wanaume waliketi kwenye madawati yaliyotolewa nje. Wanawake walikuwa nyuma, chini kwenye nyasi kavu, wakisuka vyondo, vile vikapu vya nyuzi za mkonge. Mikono yao haikupumzika hata kwa mgeni rasmi. Mvulana aliyetangulia kwa upande wa kuunga alisema elimu ni taa, na mimi nikatabasamu, maana taa hiyo nilikuwa naijua. Kisha akasema msichana akisoma atawasaidia wazazi, na kwamba habari ya maji isiwe kisingizio, kuna punda.

Nilisimama. Nilimrudishia hoja zake zote, neno kwa neno, mpaka akatikisa kichwa kukubali. Kisha nikaanza.

"Mwenzangu anasema msichana atasaidia. Lini? Akishakuwa mtu mzima, na hapo mchumba humchukua na elimu yake. Maji yanatakiwa leo jioni. Anasema punda. Punda hana mikono ya kuchimba mchanga. Punda anatembea mbele, na nyuma yake kuna mtu. Huyo mtu ni nani?" Watu walicheka. Mimi sikucheka. "Nitawaambia ni nani. Mimi nikikaa darasani, mama yangu anashuka mtoni mara ya pili. Nimemwona akilala na kijiko mkononi. Mnasema msichana apewe kitabu. Kitabu hicho kimebebwa kwa mukwa wa mama. Nijibuni: nani atateka maji?"

Machozi yalinitoka bila kupangwa. Hakuna aliyesema inavuja. Huko nyuma mikono ya wanawake ilikuwa imesimama juu ya vyondo, na mama alikuwa ameinama, leso imemfunika uso. Upande wangu ulishinda kwa makofi mengi, na nilipewa kalamu.

Baadaye mwalimu alimfuata baba akiwa amejaa furaha. "Mzee, mtoto huyu ana kipaji!" Sasa baba Kiswahili chake alikiokota barabarani, alipokuwa kibarua kwenye barabara kuu ya Mombasa huko Kiboko, na kipaji alikijua kimoja tu. Aliushika uso wangu, akaugeuza kwenye mwanga, akanitazama kwa muda. "Ni kweli, Mwalimu," akasema. "Iko laini sana. Haijabeba kitu." Mwalimu akacheka, akidhani ni mzaha.

Likizo ya Agosti ikapita kwa upole wa kutisha. Baba alikuwa akinitazama mara kwa mara. Asubuhi ya kufungua shule nilivaa sare, nikapaka miguu mafuta. Nilimkuta mlangoni akinoa jembe.

"Toa hiyo nguo," akasema, bila ukali wowote. "Ile maneno ulisema, nimefikiria likizo yote. Nikaona ni kweli. Sasa wacha mama yako apumzike."

"Baba, ule ulikuwa mdahalo."

"Mdahalo ni nini?"

Nikamweleza habari za mahindi na mbaazi, za upande huu na upande ule. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu baba hakuwa mtu wa kukata maneno ya mwingine. Ni lazima umwelewe. Alikuwa mzee wa kanisa letu, kanisa la watu wanaosimama Jumapili na kutoa ushuhuda: nilikuwa mlevi, nimeacha, nilimchukia ndugu yangu, nimemsamehe. Yeye mwenyewe alisimama hivyo ujanani, akaacha pombe, na hakuigusa tena mpaka anaingia kaburini. Kwake, ukisimama mbele ya watu na kusema, neno hilo limekufunga. Kwamba mtoto angeweza kusimama, akalia, akamtaja mama yake mzazi, kumbe ni kwa sababu alipewa punje ya mbaazi, hilo alishindwa kabisa kulimeza.

"Kwa hivyo ulikuwa unadanganya?" akaniuliza.

Hapo nilikwama, kwa sababu sikuwa nimedanganya. Kila nilichosema nilikuwa nimekiona. Kama ningesema nilidanganya, huo ndio ungekuwa uongo. Nilisimama na viatu mkononi nisijue pa kuelekea, na baba akanitazama kwa huruma na kwa fahari. Ndiyo, fahari. Angekuwa katili ningemchukia na mambo yangekuwa rahisi.

"Mimi sijakukataza shule," akasema. "Ni wewe umejikataza. Na umesema vizuri."

Basi nikashika mukwa. Safari za alasiri zikawa zangu, na nyingine za asubuhi pia. Kichwa kiliniuma mpaka kwenye meno. Siku ya pili mama alikunja kitambaa cha leso yake kuukuu akakiweka kati ya ukanda na ngozi yangu, akauvuta taratibu ukae. Nilipokuwa kisimani, mkono umezama mchangani hadi begani, nilikuwa naisikia kengele ya reli ikilia huko juu. Niliwahesabia wenzangu masomo: sasa Hesabu, sasa mapumziko, sasa hoja. Nilimchukia mwalimu, nikamchukia baba, nikaichukia hata ile mbaazi, na jioni nikaikuta kwenye muthokoi nikaila.

Mwalimu alikuja kwetu alasiri moja. Baba alimpokea kwa heshima zote, akamtolea kiti chenye mgongo, mama akaleta uji kwenye kibuyu. Mimi nilikuwa ndio napanda kutoka mtoni. Nikasimama kando ya ghala na mzigo wangu, nikasikia.

"Mzee, ni mimi niliyempa upande ule. Maneno hayakuwa yake."

"Yalikuwa ya nani? Yako?"

"Hayakuwa ya mtu. Yalikuwa mazoezi."

"Mwalimu, maneno haina mwenyewe ni kelele. Na ile haikuwa kelele. Mimi nilisikia na hii masikio yangu, na watu wote wakasikia." Akatikisa kichwa. "Mtoto amesema. Maji ikimwagika haizoleki."

Sijui ujasiri niliutoa wapi. Labda ni maumivu ya kichwa. "Baba," nikasema, ukanda bado uko usoni, "sisi kila siku tunazoa maji mchangani."

Walinigeukia wote. Baba alinitazama mimi, akatazama mtungi mgongoni mwangu, na kwa mara ya kwanza tangu Siku ya Wazazi akacheka. "Basi zoa," akasema. "Lakini zoa pale ulimwaga. Mbele ya wale watu."

Jumapili hiyo, baada ya ibada, watu, wengi wao walewale wa Siku ya Wazazi, waliombwa wabaki nje ya kanisa. Walibaki kwa hamu, maana haikuwa kila wiki ambapo mtoto anakuja kuangusha maneno yake mwenyewe. Nilikuwa nimeandika na kufuta, nimeandika na kufuta, mwalimu akinisomea pembeni. Nilianza kama alivyotufundisha: nikazirudia hoja zangu za kupinga, zote, bila kuzipunguza nguvu. Kisha nikazijaza maji. Nilikuwa nimesema msaada wa msichana uko mbali. Nikamwonyesha kwa kidole muuguzi wa zahanati, binti wa kijiji hiki, aliyewapokea watoto wachanga wa nusu ya akina mama waliokaa pale. Je, huo ni msaada wa mbali? Nilikuwa nimesema mchumba humchukua msichana na elimu yake. Nikauliza ni wavulana wangapi waliosomeshwa pale wakaenda Mombasa na hata salamu hawatumi. Wanawake walicheka kwa sauti. Nikaanza kuona nyuso za wazee zikilegea.

Baba akainua mkono. "Hizo zote sawa. Mimi nimekubali. Ile ya mwisho, sasa. Nani atateka maji?"

Nilitazama karatasi yangu. Hapakuwa na kitu. Tulikuwa tumeizunguka ile hoja wiki nzima, mwalimu na mimi, na haikuwa na ufa. Kaka yangu alikuwa ameegemea ukuta wa kanisa, kijana mzima mwenye mikono miwili na nguvu za fahali, na hakuna aliyemfikiria. Hata mimi sikumfikiria. Ndivyo tulivyokuwa.

Mwalimu alisimama kunisaidia. "Mzee, kila nyumba inaweza kujipanga. Kazi ikigawanywa..."

"Na kwako, Mwalimu," baba akasema, "maji anateka nani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua tu imepangwaje kwa mtu aliyesoma. Lakini kila mtu pale alijua jibu, na mimi nililijua kuliko wote, maana zamu yangu ilikuwa Jumanne. Mwalimu akakaa. Sijawahi kumwona mtu akijisikia akivuja namna ile.

Nikaanza kuikunja karatasi. Ndipo nikasikia nyasi zikitikisika huko nyuma, na watu wakageuka.

Mama hakuwahi kutoa ushuhuda. Miaka yote ya kanisa lile alikuwa ameokoka kimyakimya. Alisimama, kiondo mkononi, uzi umemning'inia.

"Nitateka mimi," akasema kwa Kikamba. Baba alikuwa bado anangoja, kama vile kuna zaidi, kwa hiyo mama akaongeza: "Wote mmesikia."

Akakaa, akaendelea kusuka.

Maneno hayo nimeyabeba kwa siri moyoni mwangu maisha yangu yote, na bado siwezi kuyapatia mahali katika somo. Hayakuwa na "kwa sababu" hata moja. Hayakuijibu hoja yangu, na hayakuikana. Baba aliinamisha kichwa, kwa kuwa yeye alijua ushuhuda ukoje, na Jumatatu nikarudi darasani.

Jumatatu hiyohiyo mwalimu alifuta zamu ya maji. Nilimkuta mtoni na ndoo yake, anachimba vibaya, wanawake wakimcheka na kumwonyesha. Walimu wenzake walisema anawaharibia. Mwaka haukuisha kabla hajahamishwa, na tangu hapo sikumwona tena wala kusikia habari zake. Nilipita mtihani nikaenda sekondari ya bweni, na kila nilipofunga shule nilimkuta mama paji lake limechimbika zaidi kidogo. Bonde lilianza juu ya nyusi likapita kutoka upande hadi upande. Ukiweka kidole, kilizama kikalala.

Nimefundisha Kiswahili mpaka nimestaafu. Darasa langu nalo lilipiga kelele za inavuja, na nimewapa watoto mada za kila aina, simu, malipo ya bodaboda, adhabu ya viboko. Ile moja sikuwahi kuwapa. Mtu akiniuliza kwa nini, mimi mwenye kudai sababu kwa kila mtu, husingizia muda.

Siku mfereji ulipofika kwetu, mama akiwa amezeeka sana, tuliketi naye tukitazama maji yakimwagika ovyo kwenye ndoo. Nikamuuliza: ile Jumapili, mwaitu, mama yangu, ulikuwa na sababu gani? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Sababu ya nini?" akasema. "Nilisema nitateka. Nikateka."

Mgunga wa kengele umekatwa, kipande cha reli kimeuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Jirani wa nyimbo amekufa, na sijasikia mtu mwingine akizikosea palepale. Baba tulimzika kando ya shamba alilolipenda. Hata mto haupo. Malori yamekuja yakazoa mchanga wote, yakapeleka kujenga maghorofa, na pale nilipokuwa nazamisha mkono hadi begani sasa kuna jiwe tupu. Maji yakimwagika pale siku hizi hayazoleki kweli.

Mwezi uliopita, basi, nilinyanyuka kwenye kile kigoda nikamfungua mbuzi. Mke wa kaka aliniuliza natafuta nini, nikamwambia nauangalia tu. Ngozi ilikuwa imekauka, imejikunja ikafuata kichwa cha mtu. Nilipoona ameingia jikoni niliuweka juu ya paji langu la uso, pale ambapo mama aliniwekea kitambaa. Ukateleza. Nikaupandisha tena, ukateleza tena mpaka machoni, kwa sababu paji langu ni laini sana, na ukanda ule ulizoea kulala ndani ya bonde.